Cheo Kikubwa, Mshahara Uleule

Katika ofisi za biashara za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza imezuka kazi ambayo wazee wetu hawakuijua, na ambayo hata baadhi ya wanachama wetu wa leo hawajapata kulisikia jina lake. Ni kazi ya kuhakikisha kwamba mtu anapoandika katika simu yake maneno kama “bei ya mabati” au “nauli ya kwenda Mwanza”, jina la kampuni fulani ndilo linalomtokea kabla ya majina mengine yote. Wanaoifanya huitwa wataalamu wa masoko ya utafutaji. Wengi waliianza wangali vijana waliotoka chuoni jana, na sasa wamo wenye miaka kumi na zaidi kazini. Wameoa na kuolewa, wana watoto wa kusomesha na wazee wa kutunza. Wamefika pale ambapo kila mfanyakazi aliyekomaa hufika, nao wanauliza kama mbele yao kuna njia au kuna ukuta.

Wako watakaosema kwamba gazeti la Chama halina haja ya kujishughulisha na watu wachache wanaokaa katika viti vya kuzunguka penye hewa ya baridi, ilhali wapo wapagazi, walinzi na watumishi wa nyumbani ambao ujira wao ni wa kusikitisha. Hatukubaliani na usemi huo. Mfanyakazi ni yule asiye na cha kuuza ila nguvu zake, ziwe za mabega au za kichwa, na ambaye akifukuzwa leo hana shamba la kahawa wala nyumba ya kupangisha ya kumlisha kesho. Chama cha Tanganyika African Association, kilichoundwa mwaka 1929 na ambacho TANU ilizaliwa humo mwaka 1954, kilikuwa na makarani na walimu wengi miongoni mwa wanachama wake. Itakuwa ajabu sisi tulio warithi wao tuseme leo kwamba mtu wa kalamu si mfanyakazi.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa ni vigumu kuutetea ujira wa kazi usiyoijua. Mtambo wa utafutaji (na kwa nchi nyingi neno hilo ni sawa na kusema Google) huonyesha majibu ya namna mbili. Yako yanayokuja juu kwa ubora wa maandishi yenyewe, bila kulipiwa. Na yako matangazo. Nafasi ya tangazo hupatikana kwa mnada unaoendeshwa na mashine kila mara mtu anapouliza jambo, nao humalizika kabla hujapepesa jicho. Mwenye tangazo hulipa pale tu linapobofywa. Mtindo huo wa kuuza nafasi za utafutaji kwa mnada ulianzishwa mwaka 1998 na kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com. Google ilianza kuuza matangazo yake ya AdWords mwaka 2000, ikaufuata mtindo wa kulipia mbofyo baadaye kidogo, na mwaka 2024 mapato yake kutokana na utafutaji yalifikia dola za Marekani zipatazo bilioni 198.

Kazi ya mtaalamu ni kumwongoza mteja katika mnada huo ili asiliwe. Yeye ndiye achaguaye maneno ya kununua na maneno ya kukataa. Mwenye hoteli ya Unguja anayenunua neno “hoteli” bila kufikiri atalipia mibofyo ya watu wanaotafuta nafasi za kazi hotelini, wala hatapata hata mgeni mmoja wa kulala. Tena mwananchi haandiki kama kamusi inavyosema. Fundi wa Mbagala anayeandika “msauzi” anatafuta bati la nyumba, hatafuti mtu kutoka Afrika ya Kusini. Na akiandika “migongo mipana” hazungumzi habari za wanyanyua vyuma. Mgeni aliyeketi London hawezi kuyajua hayo, hata akiwa na shahada tatu. Ujuzi huu umekaa katika vichwa vya watoto wetu, umepatikana kwa miaka ya kujaribu na kupoteza, nao unawaokolea wenye mali fedha nyingi kila mwezi. Hapa nchini, ambako laini za simu zinazotumia intaneti zimepita milioni 40, hapana shaka kazi hii itazidi kuhitajika.

Je, ujira wake ukoje? Tuanze na mahali ambapo hesabu zake huwekwa hadharani. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha ya kazi zote za nchi hiyo, na humo wapangaji wa masoko ya utafutaji wametajwa kwa jina, chini ya kundi la wachambuzi wa masoko. Mwezi Mei 2023 mshahara wa katikati wa kundi hilo, yaani ule ambao nusu ya watu hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu, ulikuwa dola 74,680 kwa mwaka. Wakati huohuo mshahara wa katikati wa mameneja wa masoko ulikuwa dola 157,620. Hatuzitaji hesabu hizi ili vijana watamani kwenda kuishi huko, kwa kuwa nyumba, shule na hospitali za huko nazo zina bei zake za kutisha. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha umbo la ngazi. Mtaalamu wa huko anayepanda kuwa meneja huingia katika kundi ambalo ujira wake wa katikati ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kundi aliloliacha. Neno “meneja” huko lina uzito wa fedha.

Kwetu sisi neno limekuja, uzito umebaki bandarini. Twawajua watu waliopewa vyeo vinne katika miaka mitano: mtaalamu, mtaalamu mwandamizi, kiongozi wa utafutaji, na mwisho meneja wa ukuaji, na kila walipopewa kadi mpya zenye jina jipya, waliambiwa kwamba hali ya biashara ni ngumu na nyongeza itazungumzwa mwakani. Kadi ya jina hugharimu mwajiri shilingi chache. Ni bahashishi ya bei rahisi kuliko zote. Mfanyakazi huifurahia kwa wiki moja, huipeleka nyumbani ikaonwa na wakwe, kisha kodi ya nyumba inafika na mwenye nyumba haulizi cheo.

Wala si fedha tu zinazokosekana. Cheo hicho humwondolea mfanyakazi haki, au ndivyo anavyoambiwa. Huambiwa kwamba sasa yeye ni mtu wa menejimenti, kwa hiyo hawezi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, wala hawezi kudai malipo ya saa za ziada kwa usiku aliokesha akiangalia matangazo ya mteja wa sikukuu. Hapa yafaa tuseme kwa sauti, maana ndipo wengi wanapodanganywa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mfanyakazi wa menejimenti ya juu kujiunga na chama kinachowawakilisha wafanyakazi wengine wa mwajiri yuleyule. Lakini sheria hiyohiyo imeeleza mfanyakazi wa menejimenti ya juu ni nani. Ni yule ambaye kwa nafasi yake hutunga sera kwa niaba ya mwajiri na ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hiari ya pamoja na wafanyakazi. Tunauliza: ni mtaalamu gani wa utafutaji, hata akiitwa meneja mara saba, mwenye mamlaka ya kukaa mezani na chama cha wafanyakazi na kutia sahihi kwa niaba ya kampuni? Hana. Ana mamlaka ya kuchagua maneno ya tangazo, basi. Kwa hiyo haki yake ya kujiunga iko palepale. Na kuhusu saa za kazi, wanaoachwa nje ya kanuni za saa ni wale wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa mkubwa wa menejimenti ya juu. Mtu anayesimamia kompyuta yake na orodha ya maneno hasimamii wafanyakazi. Saa zake ni 45 kwa wiki kama za wenzake, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.

Iko hila nyingine iliyoenea zaidi katika kazi hii kuliko katika kazi nyingi tuzijuazo. Mtu anafika ofisini asubuhi, anatumia kompyuta ya ofisi, anapokea amri za mkubwa wa ofisi, hana mteja mwingine duniani. Lakini mkataba wake unasema yeye ni “mshauri wa kujitegemea”. Maana ya maneno hayo ni kwamba hakuna likizo, hakuna malipo ya ugonjwa, wala hakuna mchango wa mwajiri katika NSSF, ambako kwa mwajiriwa halisi asilimia 20 ya mshahara huwekwa kila mwezi na mfanyakazi hatozwi zaidi ya nusu yake. Mtu hufanya kazi miaka minane kwa mtindo huo, na siku ya kuondoka hana akiba ila simu yenye kioo kilichopasuka. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, ililiona jambo hili mapema. Kifungu cha 61 kinasema kwamba mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba unamwitaje, ikiwa kuna hata moja kati ya dalili zilizotajwa humo: kwamba kazi yake inaongozwa na mwingine, kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba amefanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anapewa vifaa na mtu huyo, kwamba maisha yake yanamtegemea huyo mmoja. Ni juu ya mwajiri kuthibitisha vingine. Kifungu hiki hakina siri yoyote, na bado hatujaona kikisomwa mara nyingi katika ofisi hizo.

Tusiwalaumu waajiri wa hapa peke yao. Wao nao wana bwana. Katika biashara hii fedha ya mteja hupita mikononi mwa wakala wa hapa kama maji katika mfereji, na sehemu kubwa huishia kwa mwenye mtambo. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google imevunja sheria kwa kuhodhi soko la utafutaji. Katika kesi hiyo ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake uwe ndio unaokutwa kwanza katika simu na kompyuta za watu. Lililotugusa zaidi ni lingine. Mkubwa mmoja wa matangazo wa kampuni hiyo alieleza mbele ya mahakama, mwaka 2023, kwamba walipata kupandisha bei katika mnada wao kwa kiasi cha asilimia 5, na pengine 10, bila kuwaarifu wanaotangaza.

Fikirini maana ya jambo hilo kwa mfanyakazi wa Kariakoo au Masaki. Mwezi huu mteja anapata wateja mia kwa fedha fulani. Mwezi ujao, kwa fedha zilezile, anapata tisini. Mteja hajui kwamba bei ya mnada imesukumwa na mkono ulio mbali. Anachojua ni kwamba mtaalamu wake amelegea. Mtaalamu anaitwa, anahojiwa, na nyongeza aliyoahidiwa inafutwa. Mwenye kupandisha bei ni mmoja, mwenye kulipa faini ni mwingine. Zamani mkulima wa pamba alipopelekwa kwenye mzani ulioharibiwa kwa makusudi, angalau aliuona mzani.

Na faida hiyo huendaje baada ya kukusanywa? Mwaka 2022 malipo ya Sundar Pichai, mkuu wa kampuni mama ya Google, yalihesabiwa kuwa kiasi cha dola milioni 226, karibu yote yakiwa hisa. Januari 2023 kampuni hiyohiyo ikatangaza kuwaondoa wafanyakazi 12,000. Mwezi huohuo, watu wanaoajiriwa kupitia mawakala ili kupima kama majibu ya mtambo ni mazuri walikuwa wakishangilia kupandishwa ujira hadi kati ya dola 14 na 15 kwa saa, baada ya kusukumana kwa msaada wa chama chao. Mwaka mmoja baadaye Google ikakatisha mkataba wake na mmoja wa mawakala hao. Karibu nasi zaidi, gazeti la Time la Marekani lilieleza Januari 2023 habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakisafisha maandishi machafu ili kuifunza mashine ya ChatGPT, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Sisi tuliozaliwa na kulelewa katika nchi ambayo Rais wake alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20 mwezi Oktoba 1966, na ambayo mwaka uliofuata iliwakataza viongozi wake kupokea mishahara miwili, tunazisoma hesabu hizi kwa jicho letu wenyewe. Si lazima mtu awe mwanafalsafa ili aone kwamba kati ya milioni 226 na dola 2 kuna mrija.

Twarudi kwenye mshahara. Vijana wengi hutuuliza kama mashine mpya hazitaifuta kazi hii kabisa. Tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022 watu wameanza kuuliza mashine badala ya kutafuta, na tangu Mei 2024 Google yenyewe imekuwa ikiandika jibu la mashine juu ya majibu mengine katika nchi kadhaa, hata msomaji haoni haja ya kubofya. Kadhalika, kupanga bei katika mnada, kazi iliyokuwa ikifanywa na vijana kwa mkono, sasa kwa sehemu kubwa hufanywa na mtambo wenyewe. Kwa maoni yetu wataalamu wazoefu hawataondolewa upesi, kwa kuwa mtu bado anahitajika wa kuuliza kama fedha iliyotumika imeleta mauzo au imeleta kelele, na mwenye mnada hawezi kuachiwa kuwa pia mkaguzi wa mnada wake. Wanaoumia sasa ni wale wa chini. Kazi zao ndogondogo, ambazo kwazo wakubwa wa leo walijifunza, zimechukuliwa. Mwenye kampuni anafurahi kwamba hahitaji tena vijana wawili wa kujifunza. Hajiulizi miaka kumi ijayo atampata wapi mtaalamu mwandamizi. Ngazi iliyong’olewa vidato vya chini haipandwi na mtu.

Na huyu mzoefu aliyebaki? Anafanya kazi yake, ya wale wawili walioondolewa, na ya kuisimamia mashine. Mwajiri anaiita hiyo tija. Sisi tunauliza kama tija hiyo imeonekana katika bahasha ya mwisho wa mwezi.

Lipo jambo la kamisheni ambalo wenye kazi hii hulijua vizuri na ambalo wengine hawalisikii. Ni desturi ya mawakala wa matangazo duniani kote kumtoza mteja sehemu ya fedha anayotumia kutangaza. Asilimia 10 hadi 20 si jambo geni. Basi mtaalamu mwaminifu akigundua kwamba nusu ya matangazo ya mteja ni upotevu, akayakata, amemfaa mteja lakini ameipunguzia ofisi yake mapato. Mwingine asiye na uangalifu, ambaye mteja wake anamwaga fedha kama mvua ya masika, ndiye anayepewa zawadi ya mwaka. Mtindo wa malipo unaomwadhibu mwaminifu utamfanya kila mtu awe mwongo baada ya muda. Mashirika ya umma na makampuni ya Chama yanayotangaza kwa njia hii yasikubali mikataba ya namna hiyo. Yalipe kwa kazi, kwa kiasi kilichopatanwa, nayo yataje katika zabuni zao kwamba wakala atakayepewa kazi awe na wafanyakazi wenye mikataba halali ya ajira. Serikali iliweka kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za makampuni ya nje kuanzia Julai 2022. Kumbe inawezekana kuyagusa makampuni hayo. Kugusa mikataba ya mawakala wa hapa ni kazi nyepesi zaidi.

Tunajua wako waliochoka kungoja na kugeukia wateja wa nje, wakilipwa kwa dola wakiwa wameketi Sinza au Njiro. Hatuwalaani. Anayepata dola elfu kwa mwezi kutoka kwa mteja wa ng’ambo hawezi kuambiwa arudi kwenye ofisi inayomlipa theluthi yake kwa jina la uzalendo, na uzalendo usiwe kisingizio cha mwajiri bahili. Lakini wayajue mapungufu ya njia hiyo. Mteja wa nje anaweza kukatisha kazi kwa barua ya mistari miwili, bila notisi inayotambuliwa na mahakama yoyote ya hapa. Hakuna mchango wa uzeeni isipokuwa ule mtu anaojiwekea kwa hiari yake. Na mshindani wake ni kila mwenye kompyuta kuanzia Manila hadi Lagos, aliye tayari kupunguza bei kidogo. Ni kuuza nguvu zile zile katika soko pana zaidi lisilo na paa.

Tatizo la msingi la wote hawa, wa ofisini na wa nyumbani, ni kwamba mshahara wao hauna mahali unapozungumzwa. Wafanyakazi wa kima cha chini wana bodi na amri ya mishahara. Kima cha chini cha Serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na kile cha sekta binafsi kwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Tuliyafurahia yote mawili, ingawa kwa mwenye watoto wanne mjini furaha hiyo ni ya muda mfupi. Lakini amri ya mishahara huweka sakafu. Haisemi lolote juu ya wanaosimama juu ya sakafu. Mtaalamu wa miaka kumi na miwili hupatana mshahara wake katika chumba chenye watu wawili. Mmoja wao anajua mishahara ya watu wote katika jengo. Mwingine anajua wake tu, na pengine ameambiwa kwamba akiutaja kwa mwenzake atafukuzwa. Huo si upatanisho. Ni sawa na kucheza karata na mtu anayeziona karata zako.

Kwa hiyo twaona la kwanza ni siri hiyo kuvunjwa. Kila ofisi yenye kazi ya namna hii iweke ngazi za mishahara kwa maandishi, zionwe na wote: anayeanza ni kiasi hiki, mwenye miaka mitano ni hiki, mwandamizi ni hiki. Na ziwe ngazi mbili, moja ya wale wanaopenda kuongoza watu na moja ya wale wanaopenda kubaki na ujuzi wao, zote zikifika juu sawasawa. Ni upotevu mkubwa kumlazimisha fundi hodari awe msimamizi dhaifu kwa sababu tu kule kwenye usimamizi ndiko nyongeza iliko. Hospitali zetu zinajua kwamba daktari bingwa hahitaji kuwa mganga mkuu ndipo aheshimiwe. Mawakala wa matangazo nao wanaweza kujifunza.

Tunawaambia ndugu zetu wataalamu wenyewe pia, bila kuwapakapaka mafuta. Wako miongoni mwenu mnaowatazama madereva na wahudumu wa ofisi ileile kana kwamba ni watu wa taifa jingine. Mwapigania vyeo badala ya mkataba. Mwaona aibu ya kuhudhuria mkutano wa chama cha wafanyakazi kwa sababu mmevaa suti. Dereva yule, akiwa mwanachama, hafukuzwi bila kusikilizwa, na ninyi wenye suti hufukuzwa kwa ujumbe wa simu saa mbili usiku.

Chama cha TUICO, ambacho eneo lake ni viwanda, biashara, fedha na huduma, kimekuwa hodari katika viwanda na mabenki. Twakiomba kipande ngazi za majengo ya Posta, Upanga na Masaki ambako ofisi hizi zimo, nyingine zikiwa na watu wanane au kumi tu. Sheria ya 2004 inawapa wajumbe wake ruhusa ya kuingia mahali pa kazi kuandikisha wanachama, na hata pale ambapo wanachama hawafiki kumi, mwakilishi mmoja wa wafanyakazi anaruhusiwa kuwapo. Makatibu wa matawi ya Chama walio katika maeneo hayo wawapokee wajumbe hao na kuwaelekeza milango, kuanzia na ile ambayo vibao vyake vina majina ya Kiingereza marefu kuliko orodha ya wafanyakazi wake.